Jiji Lilivyotua Mzigo

Watu wa Dar es Salaam hawakuacha kutembea kwa siku moja, wala hawakuacha wote pamoja. Waliacha kundi kwa kundi. Walianza wapagazi, wakafuata makuli wa bandarini, wakaja wanawake wa kinu na mchi, kisha makarani na walimu, na mwisho vijana wa bodaboda, ambao wengine wao hawajawahi kwenda kazini kwa miguu tangu waanze kazi. Kila kundi lilikuwa na sababu yake ya kukaa, na sababu nyingi zilikuwa njema. Ndiyo maana huniuma kusikia watu wa mitaa yetu wakiambiwa kwamba presha na sukari vimewapata kwa uvivu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka yangu ya mwisho kazini niliitumia Ilala, kwenye kliniki ya presha na sukari. Mgonjwa alipimwa uzito na kiuno, akafungwa mkanda wa presha mkononi, kisha akasomewa maswali ya karatasi. Mojawapo liliuliza kama anafanya mazoezi. Bibi wa miaka sitini na kitu akiulizwa hivyo hucheka, au hunyamaza akatazama pembeni. Kwake mazoezi ni mambo ya wanafunzi na wanajeshi. Nikaanza kuuliza kwa njia yangu. Bibi, ulipokuwa msichana unga mliupata wapi? Maji je? Shamba lilikuwa wapi, na mlilifikia vipi? Hapo mtu hunyooka kwenye benchi akaanza kusimulia, na wenzake wa foleni wakamsaidia. Mengi ya humu niliyapata kwenye benchi lile, mengine vitabuni, na mengine nyumbani kwetu.

Katika karne ya 19 mzigo wa bara ulishuka pwani vichwani na mabegani mwa watu. Mbung'o waliua wanyama wa kubeba katika sehemu kubwa ya njia, na barabara za magari ya kukokotwa hazikuwapo, kwa hiyo pembe za ndovu, vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilibebwa na wanadamu kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wanyamwezi walijijengea jina katika kazi hiyo. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na juu yake mpagazi alichukua mkeka wake, chungu chake na posho yake. Ilikuwa kazi ngumu, lakini ilikuwa na heshima. Kijana aliyefika pwani akarudi salama alihesabiwa kuwa mwanamume kamili kwao.

Kazi hiyohiyo ilipotiwa mkononi mwa serikali iligeuka kuwa mateso. Wakubwa wa kikoloni walisafiri kwa machela, kitanda cha turubai kilichotundikwa kwenye mti, wanaume wakipokezana kukibeba mabegani mchana kutwa. Mombasa, hadi miaka ya 1920, palikuwa na vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa na watu, na bwana aliketi juu akielekea ofisini au klabuni. Kwa macho ya watu wetu somo lilikuwa wazi: anayetoka jasho ni mtumishi, anayekaa ni bwana. Somo hilo lilifundishwa kwa vizazi, na haliwezi kufutwa kwa bango la afya lililobandikwa ukutani mwa zahanati.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam, Septemba 1916, waliweka kambi ya jeshi la wapagazi pale ambapo leo ni Kariakoo, na jina la mahali likatokana na kambi hiyo. Mamia ya maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo katika vita hivyo kwa pande zote mbili, na makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 katikati ya jiji, inaonyesha mwanajeshi mwenye bunduki, lakini maandishi yaliyo chini yake yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Watu hupita pale kila siku bila kusoma.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa kutoka milima ya Uluguru, Morogoro, akiwa kijana, akarudi na bega moja limeshuka. Nilimkuta mzee, akikaa kwenye kigoda chini ya mwembe tangu jua linapochomoza, na hapakuwa na mtu wa kumtuma wala wa kumwinua. Bibi alituambia tumwache, alikwisha kutembea sehemu yake. Sisi watoto tulilikubali neno hilo, na hata baada ya kusomea uuguzi sijapata la kumjibu.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwendo wa miezi ukawa wa siku chache. Misafara mirefu ya pwani ikafa. Lakini reli haikuondoa mzigo mgongoni, iliusogeza tu hadi mwisho wa reli, yaani bandarini.

Huko ndiko alikofanya kazi baba yangu. Alikuja mjini baada ya vita ya Hitler, akapanga chumba Kariakoo, baadaye akahamia Ilala. Bandari ya wakati ule haikuwa na gati ambalo meli kubwa ingeweza kulikaribia. Meli ilitia nanga katikati ya maji, shehena ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi ukingoni, na kutoka hapo ni mgongo wa mtu. Kahawa ilikuja kwa magunia ya kilo 60, nafaka kwa magunia mazito zaidi. Makuli wengi walikuwa vibarua wa siku. Walikwenda asubuhi kutazama kama kuna meli. Ikiwepo walibeba mpaka usiku, isipokuwepo walirudi mikono mitupu. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na mgomo wao wa Septemba 1947 ulienea kwa wafanyakazi wengine, mjini na kando ya reli. Waliotaka wakati ule ni mshahara bora, saa zinazojulikana na kazi ya kudumu. Mwaka 1956 magati ya maji ya kina yalifunguliwa, meli zikaegeshwa ukingoni, winchi zikafanya kazi kubwa zaidi. Miaka iliyofuata yakaja makontena, na mtu mmoja kwenye kibanda cha kreni akahamisha kwa dakika chache kile ambacho genge la baba lilikihangaikia kutwa nzima.

Baba alifurahi. Sijapata kumsikia mtu wa bandari akililia gunia. Alipostaafu alinunua kiti cha kukunja, cha turubai, akakiweka barazani upande wa kivuli, na kiti hicho hakikukaliwa na mwingine. Aliendelea kula kama kuli, ugali wa kuli na chai ya kuli yenye sukari ya kuli, bila mzigo. Alikufa kwa kiharusi. Sitaki kusema kiti ndicho kilichomuua, kwa sababu presha yake hatukuwahi kuipima mapema na hatujui ilianza lini. Nasema tu kwamba hakuna aliyemwambia, siku ya kustaafu, kwamba mwili uliozoea kazi ile ulihitaji kushushwa taratibu. Alipewa mafao yake na mkono wa kwaheri.

Habari ya wanaume huandikwa kwa sababu iliacha mishahara na migomo. Ya wanawake haikuacha karatasi, nami nitakaa nayo zaidi.

Mama yangu alizaliwa upande wa Matombo, kulekule Uluguru. Unga haukununuliwa. Mahindi yalitwangwa kwanza kuondoa pumba, yakapetwa kwenye ungo, yakalowekwa, yakachujwa, yakatwangwa tena yakiwa laini, yakachekechwa, na yaliyobaki juu ya chekeche yakarudi kinuni. Mchi uliinuliwa juu ya kichwa na kuteremshwa kwa uzito wa mwili mzima. Wanawake wawili au watatu walisimama kwenye kinu kimoja wakipokezana, na aliyekosea mapigo alichekwa. Hiyo ilikuwa kazi ya jioni, baada ya jembe. Kuni zilikuwa safari nyingine, na maji yalipandishwa kutoka bondeni kichwani. Nikiwaeleza wauguzi vijana habari hizi wanadhani nasifia maisha ya zamani. Sisifii. Mama alijifungua watoto akiwa na mchi karibu mkononi, na mgongo ulimuuma hadi kufa.

Mjini kinu kilimwacha polepole. Mashine za kusaga zilikuwapo kabla ya uhuru; mama alijifunga khanga, akabeba debe la mahindi kichwani, akangoja zamu yake, akarudi na unga wa moto. Huo ulikuwa bado ni mwendo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vinu vikubwa vilitaifishwa, na NMC, shirika la usagishaji la taifa, likawa na jina katika kila jiko la mjini. Sembe ilikuja kwenye mfuko, nyeupe, imekobolewa na kusagwa na mashine ambayo mama hakuiona. Duka lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Kwa pigo moja chakula kikawa chepesi zaidi na kazi ya kukipata ikaisha. Kinu kikasogezwa uani, kikawa cha kutwangia kisamvu na viungo vya pilau.

Maji yalikuwa na njia yake. Mwaka 1972 kilitoka kitabu cha watafiti waliozunguka Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960 wakiwafuata wachota maji, hatua kwa hatua, ndoo kwa ndoo. Wenzao waliporudi sehemu zilezile mwaka 1997 walikuta kwamba kwa kaya zisizo na bomba muda wa kutafuta maji ulikuwa umeongezeka sana. Kwa hiyo mjini palikuwa na wanawake wawili, wakati mmoja. Mmoja alifungua bomba jikoni. Mwingine, mitaa michache kutoka kwake, alishika foleni na madumu. Ukiwapima wote kama "wanawake wa mjini" utapata wastani usiomhusu hata mmoja wao.

Na mapumziko? Watu husahau kwamba wanawake wa pwani walikuwa na mambo yao ya kuutikisa mwili, na hakuna aliyeyaita mazoezi. Unyago ulikuwa siku za kucheza. Harusi ilikuwa na vugo na lelemama. Wazaramo wana mdundiko, ngoma isiyokaa mahali pamoja: inatembea, inakata mtaa hadi mtaa, na kina mama wanatoka majumbani kuifuata, wengine wakajikuta jioni wako mbali hawajui watarudi kwa njia gani. Nilifuata mdundiko nikiwa msichana kutoka Ilala hadi Buguruni na zaidi, nikapigwa nilipofika nyumbani. Leo harusi iko ukumbini. Wageni wanakaa mezani kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita, wanainuka kwenda kutunza, wanarudi kwenye viti.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima watu wazima wa Ilala na wa Shari, kijiji cha wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kisukari kwa wanaume wa mjini asilimia 5.9 na wa kijijini asilimia 1.7; kwa wanawake, 5.7 mjini na 1.1 kijijini. Unene na upungufu wa kujongea ulitajwa miongoni mwa sababu. Nilipoisoma ripoti ile nilisikia fahari na uchungu: Ilala yetu imo katika majarida ya dunia, na imo kwa jambo hilo.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, ulinigusa zaidi kwa sababu ulifuata njia ya wazazi wangu. Watu 209 walipimwa vijijini, mkoa wa Morogoro, kabla hawajahamia Dar es Salaam, kisha wakafuatwa mjini kwa mwaka mmoja. Kabla ya kuhama, asilimia 79.4 ya wanaume walikuwa na shughuli nzito za mwili. Baada ya mwaka mmoja wa jiji walibaki 26.5. Wanawake walianza na 37.8, wakashuka hadi 15.6. Uzito uliongezeka kwa wastani wa kilo mbili na zaidi, kwa wanaume na kwa wanawake. Mwaka mmoja tu. Babu hadi baba ilichukua miaka thelathini, na kijana wa leo anayeshuka basi Mbezi na begi lake anapita njia yote hiyo kati ya masika na masika.

Nina shaka kidogo na hesabu ya wanawake. Hainiingii akilini kwamba katika Morogoro ya jembe na kuni wanawake wenye kazi nzito walikuwa nusu tu ya wanaume. Nimeshika karatasi za maswali kwa miaka mingi, na najua mwanamke akiulizwa kama anafanya kazi nzito husema hapana, nipo tu nyumbani. Ndoo hataji. Mtoto mgongoni hamtaji. Ukitaka jibu la kweli lazima umpitishe siku yake kuanzia alfajiri, na mtafiti mwenye fomu nyingi hana nafasi hiyo. Hata hivyo mteremko wenyewe, kutoka kijijini hadi mjini, siupingi. Nimeuona kwenye mzani.

Jambo ambalo fomu hulikosa zaidi ni kwamba mtu anaweza kufanya kazi hadi achoke kabisa na bado mwili wake usijongee. Mama wa vitumbua anaamka saa kumi usiku. Anakanda, anakaa kwenye kigoda mbele ya karai, anageuza, anaopoa, anauza, hadi jua linapopanda. Jioni anarudi kwenye kigoda kilekile na samaki. Fundi cherehani wa barazani anainama juu ya kitambaa kutwa. Zamani alau miguu yake ilikanyaga, siku hizi cherehani ni ya umeme na mguu unabonyeza tu. Mwenye duka la mtaa hawezi kutoka hata kwenda msikitini bila kuomba mtu amshikie. Hao wote wakikuambia wamechoka, wamechoka kweli. Ukiwaambia watembee nusu saa jioni, wanakutazama kama mtu asiyejua bei ya mafuta ya kupikia. Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika mwaka 1700 juu ya maradhi ya kazi mbalimbali, na akawaonea huruma washonaji na mafundi viatu kwa sababu ya kukaa kwao. Miaka mia tatu baadaye nilikuwa naona maradhi yaleyale kwa mafundi wa Ilala.

Makarani walikuwa na historia tofauti, maana wao walikalia kiti kama cheo. Ofisi ya kikoloni na ile iliyoirithi ilikuwa na tarishi. Karani hakuinuka, tarishi alichukua jalada, akapanda ngazi, akashuka, akapanda baiskeli kwenda wizara nyingine. Mazoezi ya kujitakia yalikuwa na mahali pake na wenyewe: viwanja vya gofu na tenisi vya klabu za Wazungu, ambako Mwafrika aliingia kubeba mfuko wa fimbo. Vijana wa Kariakoo walijitafutia mpira wao. Yanga ikazaliwa mwaka 1935 na Sunderland, ambayo ndiyo Simba ya leo, mwaka 1936.

Uhuru ulijaribu kugeuza jambo hili, na hapo naisifu enzi ile kwa moyo wote. Mwaka 1967 watu walitembea kuunga mkono Azimio, mkoa kwa mkoa. Seti Benjamin, kijana aliyekuwa akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, alikufa njiani, na kizazi changu tulifundishwa jina lake. Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Rais wa nchi, kwa miguu, vumbini. Kwa watu waliokuwa wamemwona bwana juu ya machela, hilo lilikuwa jambo zito. Shuleni tulikimbia mchakamchaka kila asubuhi, wasichana kwa wavulana, tukiimba. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliwapitisha wasomi kwenye jembe na mbio. Wizara na mashirika yakawa na timu zao, na mashindano ya SHIMIWI na SHIMUTA bado yapo. Lakini ukiangalia vizuri, mambo haya yalimshika mwanafunzi, mwanajeshi na mtumishi wa serikali. Mama wa nyumbani na mchuuzi hawakuwa na kocha.

Usafiri ndio ulimalizia kazi. Kina baba walikwenda bandarini kwa miguu kutoka Ilala, na waliokaa Temeke vilevile. UDA, shirika la mabasi la jiji, ilianza mwaka 1974, mabasi hayakutosha, watu wakaendelea kutembea kwa lazima. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, ndizo daladala. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kati ya Kimara na katikati ya jiji. Abiria wa daladala na mwendokasi bado hutembea kutoka kituoni. Bodaboda na bajaji zimeondoa hata kipande hicho: zinakuchukua mlangoni na kukushusha mlangoni, kwa nauli ambayo hata mfanyakazi wa ndani anaweza kuimudu akiwa na haraka.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa akikata tiketi. Watu wa tabaka moja, mwajiri mmoja, basi moja, na madereva walipatwa zaidi na maradhi ya moyo. Nikiwa kazini niliwaangalia wa kwetu. Dereva wa daladala huja kliniki na kiuno kipana na presha ya juu akiwa na miaka arobaini. Konda wake, anayening'inia mlangoni, anaruka, anakimbia nyuma ya gari akiita abiria, huja kwa jeraha la mguu. Sina utafiti wa kuonyesha, nina macho tu, na ningependa kijana mmoja wa Muhimbili alifanye jambo hili kwa vipimo.

Nitasema neno kuhusu pumziko lenyewe, kwa sababu wengi wanalilaumu bure. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wanaowinda na kuchimba mizizi, wamepimwa na wanasayansi, na imeonekana kwamba nao hupumzika karibu saa kumi kwa siku. Tofauti ni kwamba sehemu ya pumziko lao ni kuchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Nikamkumbuka bibi aliyepepeta mchele amechuchumaa, akaosha vyombo ameinama, akasali akainama na kusujudu. Kigoda kifupi bado kilimtaka ainame na kuinuka. Kochi halimtaki hivyo.

Kwenye hesabu za dunia za mwaka 2016, Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zenye watu wazima wachache zaidi wasiojongea vya kutosha, asilimia 5.5. Kuwait ilikuwa na 67. Husemwa kana kwamba Uganda ilishinda kikombe. Mimi naona humo jembe la mkono, ndoo na barabara isiyo na basi. Mwanamke wa Uganda akipata bomba kesho nitamshangilia, na nitataka wakati huohuo awepo mtu wa kumwambia kitu ambacho baba yangu hakuambiwa.

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Zanzibar wana siku yao tarehe 1 Januari. Klabu za jogingi zimejaa Temeke, Mbagala na kwetu. Jumapili alfajiri unawasikia kabla hujawaona, jezi za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka zimerudi. Nawapenda vijana wale. Ila nimewatazama kwa makini, na kundi ninalolitafuta halimo. Fundi hayumo, dereva yuko barabarani, mama wa vitumbua yuko kwenye karai, na mwenye magoti mabovu amesimama dirishani.

Kwa hiyo nimewauliza hao waliobaki kinachowazuia, na majibu yao hayahusu uvivu hata kidogo. Kina mama wa umri wangu walitaka taa za mtaani, kwa sababu saa yao huru ni baada ya swala ya Alfajiri au baada ya Isha, na giza lina vibaka. Walitaka kutembea wakiwa wengi, wamevaa dera na khanga zao, bila kuambiwa wanunue raba na suruali. Fundi mmoja alisema angetembea hadi Mnazi Mmoja na kurudi kila mchana kama kando ya barabara pangekuwa na njia ya mguu isiyopitwa na bodaboda. Mwenye duka alitaka mtu wa kumshikia duka kwa robo saa. Dereva alitaka mwenye gari apunguze hesabu ya siku ili asikae kwenye usukani tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Nimeyapeleka mawili ya kwanza, taa na njia, kwenye mkutano wa serikali ya mtaa. Taa mbili zimewekwa karibu na kisima, na sisi kina mama tunapita hapo kila alfajiri, kila mmoja na khanga yake. La njia bado linajadiliwa, na nitalirudisha kwenye mkutano ujao.